Betri nne chini ya ngazi: mbili za moto, mbili za baridi

Msomaji mmoja wa Kilindoni, Mafia, ameuliza hivi:

"Nina duka dogo la vinywaji na samaki. Natumia betri nne za jeli, kila moja volti 12, Ah 200 (ampea-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa). Ziko kwenye kabati chini ya ngazi, upana sentimita 120, kina 60; dari yake imelala, upande mmoja sentimita 140 na mwingine 50. Fundi alipanga mbili mbele na mbili nyuma yake. Inveta ya kVA 3, ya volti 24, aliifunga humohumo juu ya betri. Waya zake mbili, wa chanya na wa hasi, alizifunga kwenye betri za mbele kwa sababu za nyuma hazifikiki. Sasa ni mwaka na miezi minne. Za mbele zinapata moto, za nyuma ukizigusa ni baridi, na friza ikiwaka inveta inalia. Niongeze betri mbili? Au niunge upya, na kwa nafasi hii niunge vipi?"

Dada yangu, betri usinunue kwanza. Ukiongeza mbili kwenye mpangilio huo, zile za mbele zitaendelea kubeba mzigo, na mpya zitakazobanwa nyuma zitazeeka bila kukufaa. Tena betri mpya ikiungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) na iliyotumika mwaka na zaidi haikubali kushiriki nayo sawa. Pesa hiyo inunue waya, fyuzi na lagi nzuri (vile vichwa vya kufungia waya kwenye betri), nawe ubaki na chenji.

Tuanze na kile fundi alichofanya sawa. Inveta yako, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa TANESCO, inataka volti 24, kwa hiyo aliunga betri mbili kwa mfuatano, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, akapata safu ya volti 24. Akatengeneza safu mbili hivyo, kisha akaziunga sambamba. Una volti 24 na Ah 400, hesabu yake kama kilowati-saa 9.6, na nusu yake ndiyo ya kutumia kila siku ukitaka betri zidumu. Kwa friza moja, friji na taa za duka, hiyo si haba.

Kosa liko pale waya wa inveta ulipofungwa. Fuata njia ya umeme kwa kidole. Unaotoka safu ya mbele unaingia kwenye inveta moja kwa moja. Wa safu ya nyuma lazima upite kipande cha waya cha upande wa chanya, ufike mbele, utumike, halafu urudi kwa kipande kingine cha upande wa hasi. Unaweza kusema vipande vya sentimita 60 ni kitu gani? Lakini hapa tunashindana na ukinzani (kile kinachozuia umeme kupita) mdogo sana, unaopimwa kwa miliomu, yaani sehemu ya elfu ya omu. Safu nzima ya betri mbili za Ah 200 zenye afya ina ukinzani wa ndani wa kiasi cha miliomu 7 au 8. Vipande viwili vya waya wa milimita 16 za mraba, jumla mita 1.2, vinaongeza miliomu 1.3. Hapo mgawo wa mzigo umeshafika kama 54 kwa 46. Ongeza lagi zilizopigwa nyundo badala ya kukandamizwa kwa mashine, ongeza chumvi ya hewa ya kisiwani, na vile viungo vinakula miliomu nyingine nne au tano. Sasa mbele wanabeba asilimia 60 na zaidi. Wanatoa zaidi mchana na usiku, na jua likirudi ndio wanaopokea chaji kwanza. Wanachoka mapema, na juu yao kuna inveta inawapulizia joto.

Kabla ya kugusa waya, hakikisha betri zenyewe ni nzima. Chaji hadi zijae, zima kila kitu, tenganisha safu zote na viungo vyake, acha usiku mzima. Asubuhi pima kila betri peke yake. Ya jeli iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.8 au 12.9. Tatu zikisoma hivyo na moja ikasoma 12.3, hiyo ni mgonjwa, na joto ulilokuwa unaligusa huenda ni lake. Katika hali hiyo bora uendeshe duka kwa safu moja iliyo salama, friza usiku uipunguzie kazi, kuliko kumfunga mgonjwa na wazima.

Sasa nafasi. Watu wengi wakisikia kabati dogo wanafikiria kama betri zitaingia, basi. Za kwako ziliingia. Kisichoingia ni mkono wa fundi, na hewa. Terminali isiyofikika haikazwi, haipimwi, haisafishwi. 

Betri za Ah 200 za aina hii, nyingi zina urefu wa sentimita 52, upana 24, na kimo karibu 22. Pima za kwako uhakikishe. Fundi alizilaza urefu wake ukifuata upana wa kabati: mbili mbele zinakula sentimita 104, mbili nyuma zinakula zilezile, na kina cha 48. Zigeuze. Kila betri iangalie mlango kwa ule upande wake mwembamba wa sentimita 24, urefu wake uingie ndani. Nne zikisimama bega kwa bega, ukiacha sentimita 2 kati ya moja na nyingine hewa ipite, zinakula upana wa 102. Kina kinakuwa 52, nyuma zinabaki 8. Nafasi ni ileile, ila sasa hakuna betri iliyo nyuma ya mwenzake. Kama terminali za betri zako ziko mwisho mmoja, geuza mwisho huo uelekee mlangoni. Kama ziko pande mbili, bado utazifikia, maana juu ya kila betri ni wazi.

Zisukume zote upande wa dari ndefu. Upande mfupi zitabaki sentimita 18 tupu, na usijaribiwe kuweka ndoo au katoni ya soda hapo. Dari yako inashuka sentimita 75 kwa kila mita, kwa hiyo pale betri ya mwisho inapoanza dari iko juu kiasi cha sentimita 63. Ukiweka stendi ya sentimita 10 chini, betri inafika 32 au 33, na juu yake unabakiwa na karibu sentimita 30. Spana ya 13 inazunguka vizuri hapo. Upande wa pili una ukuta mtupu wa karibu mita moja juu ya betri, na huo ndio utakaobeba fyuzi.

Chukua maboksi ya bidhaa dukani kwako, kata vipande vinne vya ukubwa wa betri, vipange chini, chora terminali kwa kalamu, halafu pima waya kwa kamba. Nusu saa hiyo itakuokoa mita kadhaa za kopa, nayo ni ghali. Betri moja ina kilo 60 hivi, na hutaki kugundua makosa ukiwa umeshaibeba. Stendi iwe ya mbao ngumu au chuma kilichopakwa rangi na kuwekewa mpira juu, yenye mianya ili hewa ipite chini. Kilo 240 kwa mbao za maboksi ni hatari.

Inveta itoke humo. Hili nalisisitiza kuliko yote. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inageuza zaidi ya wati 200 kuwa joto, na joto hilo sasa linabaki kabatini. Betri za risasi, zikiwemo hizi za jeli, hupimiwa umri wake kwenye nyuzi 25. Kwa kila nyuzi 8 hadi 10 zinazozidi, umri unakatika nusu. Pwani yetu yenyewe ni nyuzi 30 mchana wa kawaida. Kabati lililofungwa lenye inveta ndani likifika 40, betri uliyoambiwa itadumu miaka sita inakupa miwili. Ifunge ukutani nje ya kabati, upande wa pili wa ukuta mrefu kama inawezekana, waya zipite kwenye bomba la plastiki ili ukuta usizikwaruze. Mita moja na nusu ya waya inatosha.

Waya huo uwe wa milimita 50 za mraba. Hesabu yenyewe hii. Inveta ya kVA 3 ya namna hiyo kwa kawaida inatoa wati 2,400. Betri zikiwa zimeshuka kidogo, kuzitoa wati hizo kunataka ampea 115 hivi. Kwenye waya wa milimita 16 wa mita 1.5 kwenda na mita 1.5 kurudi unapoteza karibu volti 0.4 na wati 43 za moto tupu, kabla hujahesabu lagi mbovu. Kwenye milimita 50 unapoteza volti 0.12. Na friza inapoanza, kompresa inavuta mara tano au zaidi ya kawaida yake kwa kitambo kifupi; friji ikianza sekunde hiyohiyo, volti zinazama na inveta inalia. Kilio hicho unachosikia, kwa maelezo yako, naamini kinatoka kwenye waya na viungo kuliko kwenye betri.

Mwambie fundi anunue waya wa welding, ule wenye nyuzi nyembamba nyingi. Kwenye nafasi finyu ndio unaokunjika bila kuvuta terminali. Waya mgumu wa nyumba ukilazimishwa kona unakaa kama spring, na mwaka mzima unaivuta betri kwa nguvu. Ukiwa Kariakoo, kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ndani kukiwa kweupe, hiyo ni alumini iliyopakwa kopa. Iache dukani, hata ukipewa nusu bei. Lagi ziwe za kopa iliyopakwa bati, zikandamizwe kwa mashine ya haidroli, kisha zivishwe mpira unaosinyaa ukipashwa joto. Kwa kisiwa chako mpira huo ni lazima, kwa sababu chumvi hupenya kati ya nyuzi na kuila kopa kutoka ndani, ukiivua unakuta unga wa kijani.

Kuna njia mbili za kuzipa safu mzigo sawa. Ya bei nafuu ni ya mshazari: safu mbili zinaungwa sambamba kama sasa, ila waya wa chanya wa inveta unafungwa kwenye safu ya kwanza na wa hasi kwenye safu ya pili. Hapo umeme wa kila safu unapita kipande kimoja cha kuungia, si mmoja kupita sifuri na mwenzake viwili. Kwa safu mbili, mshazari unagawa sawasawa. Ungekuwa na safu nne nisingekushauri, maana za katikati huanza kuonewa.

Kwako napendelea ya pili: mabapa mawili ya kopa ukutani, moja la chanya na moja la hasi, yatenganishwe sentimita 15 na kufunikwa. Kila safu inaleta waya wake wa chanya na wa hasi, milimita 35 za mraba, hadi kwenye mabapa. Waya hizo ziwe na urefu mmoja kwa safu zote mbili. Waya wa safu iliyo karibu utaonekana mrefu kupita haja na fundi atatamani kuukata. Mzuie. Uzungushwe taratibu ukutani na kufungwa kwa klipu. Ule urefu wa ziada ndio unaofanya safu mbili zishike mzigo sawa. Na hivyo vipande vifupi vya kuunga betri ya kwanza na ya pili ndani ya kila safu, navyo vikatwe sawa kabisa, toka kwenye waya mmoja. Nitakwambia sababu.

Faida ya mabapa ni kwamba kila safu inapata fyuzi yake. Safu moja ya betri hizi ikipigwa shoti inaweza kumwaga ampea 2,000 na zaidi. Waya unakuwa mwekundu kabla hujafika mlangoni. Weka fyuzi ya ampea 125 kwenye chanya ya kila safu, na moja ya 150 kwenye waya mkuu wa inveta. Usiangalie ampea tu, soma pia uwezo wake wa kukata shoti: zile za Class T hukata hadi ampea 20,000, za ANL nzuri hadi 6,000 kwa volti 32. Fyuzi za redio za gari zisizo na maandishi haziaminiki. Na sakiti breka ya kawaida ya nyumba usikubali iwekwe hapa. Umeme wa TANESCO hupita sifuri mara 100 kwa sekunde na hapo ndipo cheche inapokatika, umeme wa betri haupiti sifuri kamwe, cheche inabaki ikiunguza ndani ya breka. Iwe breka iliyoandikwa DC, yaani ya umeme wa betri, yenye volti na ampea zinazotosha.

Fyuzi na mabapa yakae kimo cha kati, tuseme sentimita 60 toka chini, yasiwe juu kabisa. Sababu ni gesi. Betri za jeli zimefungwa na kwa siku za kawaida hutoa kidogo sana, lakini zikichajiwa kupita kiasi valvu zinafunguka na hidrojeni inatoka. Inapanda juu, na ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kushika moto. Kiwango cha Ulaya cha EN 62485-2 kinatoa hesabu ya hewa inayohitajika. Kwa betri zako wakati wa chaji ya nguvu inafika kama mita za ujazo 2 kwa saa, na tundu la sentimita za mraba 54 chini na jingine kama hilo juu. Betri za maji zingetaka zaidi ya mara mbili. Mimi ningetoboa mlango matundu ya sentimita 10 kwa 15, moja chini kabisa na jingine juu kabisa upande wa dari ndefu, maana wavu wa kuzuia panya na mende unakula sehemu ya upenyo. Siku ukisikia harufu ya yai viza, zima chaji, fungua mlango, usiwashe kiberiti, mwite fundi.

Mwambie pia aangalie inveta imewekwa aina gani ya betri. Nyingi za namna hiyo, ukichagua betri za maji, zinapanda hadi volti 29.2. Jeli nyingi zinataka 28.2 hadi 28.4, kitabu cha betri kitakwambia. Volti zikizidi, jeli inakauka na haiwezi kuongezwa maji.

Siku ya kazi, avue pete na saa, avae miwani, na mpini wa spana uzungushiwe utepe wa umeme hadi kibaki kichwa tu. Zamani niliwahi kufanya kazi kwenye kabati kama la kwako kwa spana tupu. Ilinidondoka ikalala kati ya chanya na hasi. Ilishika palepale kama imechomelewa, ikageuka nyekundu, na kofia ya terminali ikayeyuka kabla sijaipiga kwa ubao ikaruka. Betri ile ilikufa, nami nina kovu kwenye kiganja. Tangu siku hiyo kila terminali nisiyoifanyia kazi naifunika kwa mpira. Lagi ikae moja kwa moja juu ya risasi ya terminali, washa (zile ringi bapa za chuma za bolti) zije juu yake. Washa ya chuma ikiwa chini ya lagi, umeme unapita kwenye chuma. Akaze kwa kipimo cha kitabu, apake vaseline baada ya kukaza. Fyuzi ziingie mwisho, baada ya kupima kuwa safu mbili zinatofautiana chini ya volti 0.1.

Kisha fanyeni kipimo ambacho wewe mwenyewe utaweza kukirudia. Zima paneli za jua. Washa birika la umeme la wati 1,500 kupitia inveta. Linavuta kama ampea 67 toka kwenye betri. Weka mita ya kupimia volti (multimita) kwenye milivolti, gusa lagi mbili za kile kipande kifupi cha safu ya kwanza, andika. Gusa cha safu ya pili, andika. Kwa kuwa vimekatwa sawa toka waya mmoja, milivolti zinakwambia ampea. Moja ikisoma 5 na nyingine 5, safu zinagawana. Moja ikisoma 7 na nyingine 3, kuna kiungo kibovu kwenye ile ya 3, au betri yake inaumwa. Ukitafute hivihivi: ncha moja ya mita kwenye terminali yenyewe, nyingine kwenye lagi. Kiungo kizuri hakizidi milivolti 3. Kikifika 10, fungua, safisha, kaza upya.

Andika namba hizo kwa kalamu ya wino upande wa ndani wa mlango wa kabati, na tarehe. Kwa hewa ya Kilindoni ningepima tena kila baada ya miezi mitatu, dakika kumi tu wakati maji ya chai yanachemka.